Mpangaji na Chemchemi ya Kisugu

Ipo siku moja naikumbuka kuliko sikukuu zote nilizowahi kuziona, mwanangu. Ni siku niliposimamia harusi ya rafiki yangu katika kanisa moja la Naguru, hapa Kampala, nikiwa na tope mpaka magotini, na picha zikapigwa. Bwana harusi anang'aa, bibi harusi anang'aa, na mimi kando yao kama mtu aliyetolewa shimoni. Aliyenitia tope lile alikuwa bibi kizee mmoja wa Kisugu tuliyemwita Jajja Nalongo, na hakunigusa hata kwa kidole.

Nitakueleza ilivyokuwa. Lakini kwanza nikwambie kwa nini nimeikumbuka wiki hii, maana hadithi ya mzee bila sababu yake ni kelele tu.

Jumapili ulinipigia simu kutoka katika mji wenu mdogo huko mashambani Uingereza. Ulisema halmashauri inataka kuufunga ukumbi wa mji na kuuza jengo, kwamba Alhamisi wakazi watakutana kuamua kama wataushika wenyewe, na kwamba jirani yako Bi Jeni amekuomba usimame useme neno. Kisha ukasema, "Baba, nitasema nini mbele ya watu wale? Mimi hapa ni mpangaji tu." Nilicheka, nawe ukanuna. Sikukucheka wewe, mwanangu. Nilimcheka kijana mmoja wa zamani aliyesema maneno hayo hayo, akiwa amevaa suti.

Mji wenu naujua kidogo. Nilipokuja kukaa nanyi, wewe ukiwa kazini kule kwenye nyumba ya wazee, mimi nilitembea. Unanijua, siwezi kukaa mahali bila kuhesabu vyombo vyake. Niliona daraja la mawe ambalo gari moja tu hupita, na magari husubiriana kwa adabu kama wakwe. Niliona mto ambao sisi Kampala tungeuita mfereji, lakini wao wameupa jina, na bata wake wanajulikana. Soko ni la Jumamosi, meza chache za jibini, mayai na miche ya maua, na mtu akinunua mayai anaulizwa habari ya goti lake. Niliona mabenchi yenye majina ya marehemu. Siku ya kwanza nilidhani ni makaburi, nikavua kofia nikasimama kimya. Mzee mmoja aliyepita na mbwa wake naye akasimama, nadhani kwa heshima yangu. Mbwa ndiye aliyetuondoa pale.

Ukumbi wenyewe ni nyumba ya matofali yenye saa isiyokwenda. Ukutani pana majina ya vijana wa mji waliokwenda vitani wasirudi, na majina mengine yanafanana, ndugu na ndugu. Chini ya majina hayo watu wanaishi maisha yao. Kuna siku wazee wanakula pamoja mchana, siku akina mama wanapima uzito wa watoto, siku ya dansi, na kwenye kona kuna rafu za vitabu ambazo zamani zilikuwa maktaba yenye mlango wake. Na humo ndimo mjukuu wangu Nafula anamokaa baada ya shule, akipewa biskuti na Bi Jeni, mpaka zamu yako iishe. Paa linavuja, kweli. Nililiona. Wameweka ndoo, na wanacheza dansi wakiizunguka.

Jumamosi moja Bi Jeni alipita na mkasi mkubwa wa kukatia matawi. Akaniambia wanakwenda kusafisha njia ya miguu inayokatiza shamba la mtu mpaka mtoni. Nikamwuliza, shamba ni lake, njia ni ya nani? Akasema njia ni ya wote tangu zamani, lakini isipopitwa na isipofyekwa, inakufa, na ikishakufa hakuna anayeweza kuapa kwamba ilikuwapo. Nikachukua glavu nikaenda nao. Wewe uliporudi kutoka kazini ukanikuta na mikwaruzo mikononi ukakasirika. Sikukwambia kwamba njiani, tukinywa chai yao isiyo na tangawizi wala sukari, Mungu awasamehe, walikuwa wakiniuliza, "Na binti yako, yeye hapendi kutembea?" Nilijibu kwamba unafanya kazi nyingi. Ilikuwa kweli, lakini haikuwa kweli yote.

Basi turudi Kisugu.

Nilikuja Kampala kutoka upande wetu wa Busia ya Kenya baada ya vita vya Uganda kwisha na mji kuanza kupumua. Nilipata ukarani wa ghala katika kiwanda cha sabuni, kule viwandani karibu na Bugolobi, nikapanga chumba Kisugu. Mama yako akanifuata, nawe ukazaliwa. Mtaa wetu ulikuwa mchanganyiko kama sufuria ya pure ya mahindi na maharagwe, Waganda wenyeji, Wakenya wa biashara na vibarua, na Wakongo waliokimbia kwao. Mifereji ya maji ilikuwapo, ila maji yenyewe yalikuwa na tabia ya mgeni mkubwa, huja akipenda. Kwa hiyo sote tulitegemea chemchemi ya bondeni. Ilikuwa na ukuta mdogo wa mawe na mabomba mawili ya chuma yaliyotoa maji mchana na usiku, baridi kama yametoka kwenye jokofu.

Mlezi wa chemchemi ile alikuwa Jajja Nalongo. Jajja kwa Waganda ni bibi, na Nalongo ni heshima ya mwanamke aliyezaa pacha. Hakuna aliyemwajiri. Bibi yake aliilea, mama yake akailea, naye akairithi kama mtu anavyorithi kidevu. Kila mwezi, Jumamosi moja asubuhi, ngoma ililia kilimani, na watu wakateremka na majembe, mafyekeo na mifagio. Wenyewe wanaita bulungi bwansi, yaani kazi ya wote kwa uzuri wa nchi. Wanazibua mtaro, wanafyeka nyasi, wanasugua ukoga kwenye mawe, wanaimba, wanateta, wanarudi nyumbani.

Sisi Wakenya hatukuteremka. Tulijiambia kwamba ngoma ile ni mambo ya Waganda na mfalme wao, na kwamba mgeni akijitia humo ataonekana anatafuta kitu. Tulikuwa hata na msemo wetu, nyumba ya kupanga haipigwi lipu. Jirani yangu Papa Furaha, fundi cherehani wa kutoka Bukavu, alikuwa na udhuru mzuri zaidi. "Miye niko mukimbizi, ndugu," alisema. "Kesho narudia kwetu." Kesho hiyo ilikuwa imeshaota mvi. Ngoma ikilia, yeye alisukuma cherehani kwa kasi, mimi nilivuta shuka, na adhuhuri sote wawili tulituma jerikeni zetu bondeni kama kawaida. Chovya chovya humaliza buyu la asali, lakini anayechovya hasikii buyu likilia.

Ikafika Jumamosi ya harusi. Rafiki yangu wa kiwandani alikuwa ameniomba nimsimamie. Nilikuwa nimevaa, viatu nimevipiga rangi mpaka vinaakisi, ndipo mama yako akasema, "Unakwenda kusimamia nyumba ya mwenzio, na humu ndani hakuna tone la kumwogeshea mtoto." Nikachukua jerikeni nikateremka nayo huku nimeishikia mbali na suruali, kama mtu aliyebeba paka wa kigeni.

Nikawakuta kazini, wenyeji wote, wamesimama topeni. Nikatoa salamu ya Kiganda ya kuwapa pole kwa kazi, "Mugyebaleko!" Nilidhani salamu nzuri itanifungulia njia. Wengine waliitikia. Jajja Nalongo, aliyekuwa ameinama kwenye mawe na kanga imefungwa kiunoni, akajinyoosha taratibu, akaziba bomba kwa kipande cha mgomba. Kiswahili alijifunza zamani kwa kuuza chakula kando ya kambi ya polisi, kwa hiyo hata akikusalimu ulihisi umekamatwa.

"Wewe, mutu ya Kenya! Unapita wapi na viatu ya kung'ara?"

"Nachota kidogo tu, Jajja, nakwenda harusini. Sikutaka kuwasumbua wenyewe na kazi yenu. Mimi hapa ni mpangaji tu. Mgeni."

"Mugeni?" Akawageukia watu. "Banange, jamani, munasikia? Mugeni! Wewe nakaa hapa myaka ngapi?"

"Inafika minne."

"Myaka mine nakunywa, na bado mugeni! Huyu mugeni iko na tumbo!"

Watu wakaangua kicheko. Papa Furaha naye alikuwa amefika nyuma yangu na jerikeni yake, akajaribu kunitetea. "Mama, huyu ni mugeni wa kudumu. Kama miye."

"Na wewe wa kesho-kesho, simama hapo hapo. Nakuja kwako."

Kisha akaniuliza maji ni ya nini. Nikasema ni ya mtoto mchanga. Hapo uso wake ukabadilika. Akazibua bomba, akaijaza jerikeni yangu mwenyewe, akampa mwanamke mmoja kijana aipandishe kwa mama yako upesi. "Maji ya mutoto haina maneno," alisema. "Mutoto ni wa hapa, nazaliwa hapa. Yako ndiyo iko na maneno. Nyinyi watu wa Kiswahili munasema nini juu ya mugeni? Siku mbili, halafu?"

Nikatazama viatu vyangu. Methali naijua tangu utotoni. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nimeitumia mara ngapi kuwafukuza jamaa waliokuja kukaa kwangu! Lakini ilikuwa haijawahi kunigeukia.

"Halafu?" akauliza tena.

"Halafu... jembe, Jajja."

"Kale. Reta mukono."

Kale kwa Kiganda ni haya basi. Akaniwekea jembe mkononi. Sikulazimishwa, mwanangu. Ningeweza kuliweka chini nikapanda kilima, hakuna ambaye angenizuia. Lakini watu walikuwa wananitazama, si kwa ubaya, wananitazama tu kama wanavyotazama mlango kuona atatoka nani. Nikaingia mtaroni na viatu vyangu vya harusi. Walipiga makofi. Papa Furaha aliingia bila kuitwa mara ya pili, akisema kwamba Bukavu itangoja. Nilichimba mpaka mtaro ukafunguka na maji machafu yakaondoka yakikimbia, na mwili wangu ukasikia furaha ambayo sikuitegemea. Halafu nikatazama saa, nikapiga kelele, nikakimbilia Naguru kama nilivyo. Bibi harusi aliponiona alicheka mpaka wanja ukamchuruzika. Mumewe mpaka leo husema ndoa yao imedumu kwa sababu ilianza na mtu aliyetoka kazini.

Kuanzia hapo, ngoma ikilia niliteremka. Sikuwa mtakatifu, kuna Jumamosi niliamka kwa kunung'unika. Lakini ni pale mtaroni nilipojifunza Kiganda changu, nilipojua nani anapangisha chumba, nani amefiwa, nani anahitaji karani. Mtu huwezi kuchimba na mwenzio asubuhi nzima halafu jioni ujifanye humjui.

Sasa sikiliza, maana huku ndiko ninakokupeleka. Ulikuwa umeanza shule tuliposhuka asubuhi moja tukakuta nguzo zimechimbiwa na waya wa miiba unavutwa kuizunguka chemchemi. Tajiri mmoja mwenye malori alisema ameununua uwanja ule na atajenga. Jina lake naliacha, wanawe ni watu wazuri. Mwenyekiti wa mtaa akaitisha mkutano palepale bondeni. Alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu. "Nitasema Kiswahili ya askari," alisema, "maana ndiyo nyote munasikia, hata kama hamuipendi."

Tajiri akasema neno moja tu, na lilikuwa zito. "Mwenyekiti, tazama hawa watu. Wapangaji na wakimbizi. Leo wako Kisugu, kesho wako kwao. Unataka kuninyima kiwanja changu kwa ajili ya watu wa kupita?"

Nilimwona Jajja Nalongo ameshika fimbo yake, macho kayatupa chini. Wenyeji halisi waliokuwa pale walikuwa wachache, wengi wao wazee. Kama sisi tungekuwa kweli watu wa kupita, chemchemi ile ingezibwa siku ile, na mtaa mzima ungebaki kuyasubiri maji ya mfereji yajisikie kuja.

Mwenyekiti akafikiri. Miaka ile tulichagua viongozi wa mtaa kwa kupanga mstari nyuma ya mtu unayemtaka, mchana kweupe, bila karatasi. Akasema, "Kale. Siulizi nani nazaliwa wapi. Kila mutu amewahi kushika jembe hapa, apange nyuma ya Nalongo."

Nilikwenda wa kwanza, si kwa ushujaa, nilikuwa karibu. Papa Furaha akafuata na futi yake ya ushonaji ikining'inia shingoni. Wakaja Wakenya niliowavuta mimi, wakaja Wakongo aliowavuta yeye, wakaja wenyeji na wake zao. Mstari ukapinda ukapanda mpaka barabarani. Upande wa pili akabaki tajiri na vibarua wake wa kuvuta waya. Kibarua mmoja akawa anajikuna kichwa.

"Wewe je?" mwenyekiti akamwuliza.

"Muzee, mimi nakaa hapo juu. Nilifyeka hapa mwezi jana."

"Sasa unangoja nini?"

Akaweka koleo chini, akavuka, na bondeni pakalipuka. Hata tajiri alicheka, nampa haki yake. Mwenyekiti akaamua waya uondolewe mbele ya chemchemi na njia ya maji ibaki wazi, mpaka wakubwa wa ardhi waseme kiwanja ni cha nani. Wakubwa wa ardhi, mwanangu, bado hawajasema. Jajja Nalongo amekwisha kutangulia mbele ya haki, tajiri naye pia, na faili linazunguka. Maji yanatoka. Mwaka huu nimeshindwa kuteremka kwa ajili ya mgongo, lakini nimesikia ngoma.

Kwa hiyo hili ndilo ninalokuambia, nawe kijana mwingine unayesoma haya popote ulipopanga chumba, lichukue. Usiulize mahali pana nini kwa ajili yako kabla hujauliza panalindwa na nani. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Ukumbi ule, mabenchi yale, njia ile ya shambani, hata biskuti anazopewa Nafula, kuna mtu aliinama ili viwepo, na wengi wa hao sasa ni majina ukutani. Hati ya nyumba inaonyesha nani amenunua, haionyeshi nani ni wa mahali. Wewe unayanywa maji ya mji ule kila siku, binti yako akiwa salama humo ukumbini wakati unawageuza wazee wao kitandani. Hilo tu linatosha kusemwa. Simama useme: mwanangu hukaa hapa nikiwa kazini, na wako akina mama wengine wa zamu kama mimi. Huhitaji Kiingereza cha bungeni. Mimi Kiganda changu cha kwanza kilikuwa cha mtaroni na kilinitosha.

Wala usingoje upendwe kwanza. Watu humzoea yule wanayemwona ameinama kando yao. Kuna watakaokutazama vibaya, wapo kila mahali, hata Kisugu walikuwapo, lakini tope likishawafika wote magotini ni vigumu kujua mguu wa nani ni wa wapi. Na ukishindwa, ukumbi ukauzwa, utakuwa umeshindwa pamoja na majirani zako, na huo nao ni ujirani.

Mungu akupe miguu isiyoona haya kuvuka upande wa wenzio. Akupe sauti ya kutosha chumba kile, isizidi. Ayabariki maji mnayokunywa huko na wanaoyalinda, amtunze Bi Jeni na mkasi wake, na amkuze Nafula awe mtu wa mahali popote atakapolala. Amina.

Mkutano wenu ni Alhamisi jioni. Mama yako amekuuliza mara mbili kama utakwenda, na mpaka naandika haya umejibu tu kwamba huko mvua inanyesha.